Injini Mbili na Sauti ya Mkomani

Mara ya kwanza kuisikia sauti ya yule mwanamke nilikuwa nimebeba sinia la chai. Ilikuwa Jumapili, baada ya sala ya alasiri. Mume wangu alikuwa chumba cha nyuma akirusha ndege yake ya kompyuta kama kawaida. Hedifoni zake zilikuwa zimeharibika, kwa hivyo alikuwa amefungulia spika. Nilipofika mlangoni nikamsikia mwanamke akisema polepole, kama mtu aliyeketi kwake na ametulia:

"Nguvu zimepanda, injini zote mbili sawa. Nenda."

"Naenda," mume wangu akajibu.

Injini zikanguruma kwenye spika mpaka vikombe vikagongana juu ya sinia. Kwenye skrini, barabara ya kurukia ndege ya hapa Mombasa ikawa inakuja mbio, kisha ikazama chini, tukaona maji ya bahari. Walipokuwa juu, yule mwanamke akasema, "Kapteni, pumzika kidogo. Ndege yangu."

"Ndege yako," mume wangu akasema, akaachia usukani na kuegemea kiti, mikono nyuma ya kichwa.

Nikaweka sinia mezani. Hakugeuka. Mtu ambaye hajawahi kuniachia rimoti ya televisheni alikuwa amemkabidhi mwanamke mwingine ndege nzima na watu wake, na uso wake ulikuwa laini kama wa mtu aliyetoka kuoga.

Huo mchezo, kama nilivyokuwa nikiuita, ni programu ya kuigiza urukaji wa ndege. Mume wangu ni fundi wa mafriji na vyumba vya baridi, anahudumia mahoteli ya Diani. Kila kitu cha simuleta yake alikiunda mwenyewe: kiti alikitoa kwenye gari lililogongwa, na pedali za miguu alizitengeneza kwa mbao na springi za milango ya vyumba vya baridi. Anapenda ndege za abiria za injini mbili, zile kubwa zinazotupitia juu ya nyumba hapa Mtongwe zikienda kutua Changamwe. Kazi yao yeye na mwenzake ilikuwa kuzirusha wawili, kila mmoja kwake, kwa mtandao, mmoja rubani na mwingine msaidizi. Nilijua ana mwenzake. Sikujua kwamba mwenzake ni mwanamke.

Chumba chenyewe kilikuwa kiwe changu. Mimi ni mshonaji, nashona magauni ya arusi na mabuibui, na nyumba ilipokuwa inajengwa tulipatana chumba cha nyuma, chenye madirisha mawili, kiwe cha cherehani. Siku moja nilitoka arusini Kisauni nikakuta meza, skrini na kile kiti cha gari vimeshapangwa humo.

"Nimeona hapa pazuri, hapana kelele," aliniambia. Basi. Cherehani yangu ikabaki barazani, na vitambaa vyeupe vya maharusi nikawa navifunika kwa shuka visiingie vumbi.

Lile nililizoea. Sauti ndiyo sikuweza kuizoea.

"Huyo ni nani?" nilimuuliza jioni ile ile.

"Rubani mwenzangu. Yuko Mkomani."

"Ana mume?"

"Sijamuuliza."

"Siku zote hizo mko pamoja angani, hujamuuliza?"

"Tunaongea habari za injini, mke wangu."

Alidhani ananituliza. Lakini hapo ndipo roho iliponiuma zaidi. Wangekuwa wanasemezana maneno ya mapenzi ningejua la kufanya, maana mambo hayo nayajua na dawa yake naijua. Injini sikuzijua. Walikuwa wamejifungia mahali ambapo mimi sina hata pa kugonga hodi.

Nikaanza kusikiliza. Cherehani barazani nilikuwa nimeiweka chini ya dirisha la kile chumba, na hedifoni mpya hazikununuliwa haraka. Kila Jumapili nikishona na masikio yakiwa ndani. Nilisikia kwamba kabla ya kuondoka mume wangu humuuliza yule mwanamke, "Waonaje, tutie nguvu zote au tupunguze?" Naye humwuliza joto la leo, uzito wa ndege, upepo unatoka wapi, kisha anasema lake, na mume wangu anafuata. Waonaje! Tangu anioe, sikumbuki kuulizwa waonaje hata kwa rangi ya geti.

Siku moja nilishona mkono wa gauni la biharusi kinyume, nikaufumua wote, na machozi yananitoka.

Wifi yangu ndiye aliyekuja kumwaga petroli. Alitoka kwake Jomvu Kuu kuja kutuamkia, akakaa nami barazani. Ndani wakacheka. Yule mwanamke ana kicheko cha chini, kifupi, kama mtu anayesafisha koo kwa raha. Wifi akaacha kula mahamri.

"Wifi, huyo anayecheka na kaka yangu ni nani?"

"Rubani."

"Rubani wa kike?"

"Wa kike."

Akanitazama kwa huruma mpaka nikatamani ardhi ipasuke. "Wallahi ningekuwa mimi," akasema, "hiyo kompyuta ingekwishaota miguu."

Ikafika mahali nikawa naomba stima ipotee. Na huku kwetu Likoni ukiomba stima ipotee huchelewi kujibiwa. Ikipotea, mlio unakatika ghafla, na mume wangu anatoka chumbani akipepesa macho, akija kukaa nami kwa kukosa pa kwenda. Nilikuwa nafurahi waziwazi. Nilikuwa namtilia chai yenye tangawizi nyingi. Stima ikirudi, ananiachia kikombe nusu.

Jumapili moja kama hiyo, stima imepotea, nikamwambia anifundishe.

"Nikufundishe nini?"

"Hizo injini."

Akacheka kwanza. Alipoona sicheki, akanieleza, na niseme kweli alinieleza vizuri, maana anapenda jambo lake. Akaniambia injini za ndege hula hewa, na hewa ya joto ni nyepesi, kwa hivyo siku ya jua kali ndege ile ile, kwa uzito ule ule, huwa nzito kupaa na hutaka barabara ndefu. Akasema Nairobi ni kugumu vilevile kwa sababu ni juu, hewa yake imepungua. Si kila mara rubani husukuma nguvu zote. Ndege ikiwa nyepesi na barabara ikiwa ndefu hupunguza makusudi ili injini zisichoke mapema. Kisha akanieleza kinachotisha: injini moja kufa ndege ikiwa mbioni.

"Kuna kasi," akasema, "kabla yake unaweza kusimama. Ukishaipita, husimami tena. Unapaa na injini moja."

"Basi unabaki na nusu."

"Nusu ya nguvu. Lakini ile nguvu ya ziada, ya kupandia juu, inakwenda karibu yote. Unapanda kidogo kidogo, unaomba Mungu." Akatabasamu peke yake. "Mwenzangu ni bingwa wa hapo. Humsikii hata akibadilisha pumzi."

Nilikuwa karibu kumsahau, naye akamleta tena kati yetu.

"Nataka kumwona," nikasema.

"Nani?"

"Huyo bingwa."

Nilitegemea akatae, nipate cha kushika. Hakukataa. Alimwandikia pale pale, na yule mwanamke akajibu kwamba twende Jumapili ifuatayo tule naye chakula cha mchana. Nikashona gauni jipya wiki ile. Nilishona kama nashonea arusi ya binti wa waziri, nikachagua kijani kinachonikaa vizuri usoni, nikajipaka hina mpaka viwikoni. Mume wangu aliponiona akasema, "Twenda kula tu."

"Najua twendapo," nikamjibu.

Tukavuka feri, tukapanda gari la Nyali, tukashukia Mkomani. Njia nzima nilikuwa naomba awe kikongwe, au awe na uso wa kunipumzisha. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mrefu, mtu wa makamo yangu, amevaa dera la nyumbani tu na miguu mitupu, mwanya mzuri kwenye meno ya juu. Hakujipamba hata kidogo na alipendeza kunishinda. Gauni langu la kijani likanibana kwapani.

"Karibu, dada," akanishika mikono miwili. "Nimeisikia cherehani yako mara nyingi. Ikianza kwenda mbio, huwa nadhani injini yangu ina kasoro."

Hilo sikulitegemea. Muda wote nilipokuwa nikimsikiliza, naye alikuwa ananisikia.

Alikuwa amepika samaki wa kupaka na wali, na samaki wenyewe walikuwa watamu, jambo lililoniudhi. Alituambia kwamba anafanya kazi ofisi ya mizigo bandarini, aliachika zamani, hana mtoto, na alipokuwa shule alitaka urubani lakini kwao hawakuweza kumlipia. Aliyasema yote hayo bila kujililia. Kisha akatupeleka sebuleni, ambako mume wangu alikuwa anatazama tangu tulipoingia. Kulikuwa na viti viwili ubavu kwa ubavu, vishikio vya nguvu katikati yao, na skrini pana mbele. Wakakaa. Mimi nikapewa sofa iliyo nyuma yao.

Sitasahau migongo ile miwili.

Mume wangu alikuwa anaendesha. Ndege nzito, jua la mchana, nguvu zote. Yule mwanamke alikuwa ameipanga kompyuta iue injini moja bila kusema ipi wala lini. Wakaanza kukimbia. Akawa anasoma kasi, kwa sauti ile ile. Walipoipita ile kasi ya kutosimama, mlio ukavunjika upande wa kushoto na pua ya ndege ikavutwa kushoto kuelekea majani. Mume wangu akarukwa na akili kidogo. Niliuona mguu wake ukisita.

"Guu la kulia," yule mwanamke akasema. "Kulia, kapteni. Usilegeze. Hivyo hivyo. Sasa inua taratibu. Magurudumu juu."

Ndege ikanyooka. Ikaanza kupanda, kidogo mno, juu ya paa za mabati, juu ya mkono wa bahari. Jasho lilikuwa linamtiririka mume wangu shingoni. Walipofika juu akasema, "Ndege yako," na sauti yake ilikuwa imechoka, haina kiburi hata chembe. Mwanamke akapokea. Mume wangu akafuta uso kwa kiganja na kumtazama kwa shukrani.

Sikuweza kukaa. Nikajifanya natoa vyombo, nikaingia jikoni, nikafungua maji ya mfereji ili nisisikike. Mume wangu alikuwa hajamgusa. Hakuwa amemwambia neno la aibu. Lakini alikuwa ameogopa mbele yake na kukubali kusaidiwa, na mimi, nilipomuuguzia mama yake mpaka anakufa, hakuwahi kuniambia kwamba anaogopa.

Yule mwanamke akaja akasimama mlangoni. Hakunikumbatia, namshukuru kwa hilo.

"Dada, una hasira na mimi," akasema.

"Ndiyo."

"Basi njoo ukae kwenye kiti changu."

"Sijui kitu."

"Umesikiliza dirishani muda wote huo. Njoo."

Mume wangu aliponiona nakaa akacheka. "Huyu? Hata kuiwasha hajui."

"Imekwisha washwa," yule mwanamke akamjibu, akaenda kukaa nyuma kwenye sofa. Akanionyesha kishikio cha usukani, vishikio vya nguvu na pedali. Akaniambia nisukume nguvu mpaka injini zote mbili zilingane, nisubiri, kisha nimalizie.

Nilisukuma. Kitu kikanivuta mgongo, ingawa kiti hakikusogea. Nilikuwa naona barabara inakuja nami nataka iende upesi zaidi, basi mguu wangu, uliozoea cherehani, ukafanya ulichozoea: ukakanyaga. Kwenye cherehani ukikanyaga unakwenda mbio. Kwenye ndege ukikanyaga mguu mmoja unageuka. Tukaiacha barabara, tukapita majani, tukaishia kwenye uzio.

Mume wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Nikamtazama yule mwanamke kuona kama naye anacheka. Hakucheka.

"Tena," akasema.

Tulirudia sijui mara ngapi. Nikajifunza kuweka miguu yote miwili kwa upole, kama mtu anayejaribu maji ya moto. Nikapaa na injini mbili, vibaya, lakini nikapaa. Kisha nikamwambia aue moja.

"Bado mapema," mume wangu akasema.

"Sikukuuliza wewe."

Mara ya kwanza nilianguka. Mara ya pili nilianguka mbali kidogo. Mara ile ya mwisho injini iliyokufa ilikuwa ya kulia, nikaona pua inaondoka, nikaweka mguu wa kushoto, nikauacha pale pale huku paja linatetemeka. Nikainua. Ndege haikutaka. Ilipanda kama mgonjwa anayenyanyuka kitandani, na kila nilipoivuta zaidi kasi ilipungua, kwa hivyo ilinibidi niiache ipande kwa kiasi chake. Paa za Changamwe zilipita chini yangu karibu mno. Hapo mume wangu akanyoosha mkono kushika usukani wa upande wake.

"Hebu lete, utaiangusha."

"Ndege yangu," nikasema.

Mkono wake ukabaki pale pale.

"Ndege yangu," nikarudia, bila kupaza sauti.

Akautoa. Akaweka mikono yote miwili mapajani, akatazama mbele. Injini moja ikawa inanguruma. Nikaifikisha baharini, nikaigeuza, na kutua sikutua, niliitumbukiza majini karibu na ufuo wa Shelly. Lakini nilikuwa nimepaa.

Kwenye feri ya kurudi alikuwa amenuna. Tulisimama kwenye vyuma vya ukingoni, watu wametuzunguka.

"Umenivunjia heshima mbele ya mtu," akasema.

"Yeye akikwambia 'ndege yangu' huwa anakuvunjia heshima?"

"Yule ni rubani."

"Nami leo nilikuwa nani?"

Tulipokuwa tunashuka Likoni akasema, kama anazungumza na umati, "Mguu wa kushoto uliuweka mapema. Mimi ningechelewa." Nililala na maneno hayo kama mtu aliyepewa dhahabu. Na hapo hapo nikawaza kwamba angemwambia yule mwanamke mapema zaidi, na kwa maneno mengi zaidi.

Siku chache baadaye, akiwa Diani, niliingia chumba cha nyuma. Nikasogeza ile meza yake ukutani, nikavuta cherehani, sanduku la nyuzi na mdoli wa kupimia magauni, nikaviweka upande wa dirisha la pili. Aliporudi akasimama mlangoni na mkoba wake wa spana.

"Nani kaamua?"

"Mimi."

Akamtazama yule mdoli amevaa gauni jeupe kando ya kiti chake cha gari. Nikangoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hata maneno nilikuwa nimeyapanga. Aliweka mkoba chini, akakivuta kiti chake kuelekea kwake ili nipate pa kupitisha miguu, akauliza kama kuna maji ya kuoga.

Sasa tunaruka watu watatu, kwa zamu. Sitadanganya kwamba wivu umekwisha. Umehama. Nikiwa na mume wangu siogopi tena, maana nasikia kila neno na kila neno nalielewa, na ninayoyasikia ni joto, uzito na upepo tu. Ninayemwonea kijicho ni yule mwanamke mwenyewe, kwa mikono yake. Injini ikifa mikononi mwake, ndege haishtuki. Mimi nimeshajua kila anachofanya, naweza kukitaja kimoja baada ya kingine, na bado nikikifanya mimi abiria wangu wangemwaga chai. Nikimsikia mume wangu akimsifu nasikia joto masikioni. Wifi akija huniuliza, "Bado yupo?" Namwambia bado yupo, na kwamba Jumapili ijayo atakula hapa.

Jumapili iliyopita zamu ya urubani ilikuwa yangu, na yule mwanamke ndiye msaidizi, akiwa kwake Mkomani. Jua lilikuwa kali, ndege tumeijaza abiria na mafuta. Mume wangu alikuwa nyuma yetu, au nyuma yangu, anakula korosho.

"Waonaje?" nikamuuliza yule mwanamke. "Mimi nasema tupunguze nguvu."

"Kwa joto hili mimi ningetia zote," akasema.

"Barabara inatosha. Tupunguze."

"Ndege yako, dada."

Nikasukuma mpaka pale nilipotaka, nikasimamia hapo. Tukakimbia. Barabara ikaliwa, na kasi ikawa inakuja kwa uvivu. Mume wangu aliacha kutafuna. Nilikuwa nimeshaiona michoro ya mwisho wa barabara, ile myeupe, ndipo pua ikakubali kuinuka, na tukapita juu ya uzio nikihisi magurudumu yanausugua.

Nilingoja yule mwanamke aniseme. Mimi ningesema. Ningesema nilikwambia, ningelisema kwa mwezi mzima.

"Magurudumu juu," alisema tu, kwa sauti ile ile, na tukaendelea kupanda.